Watani wa Motokaa

Ndugu msomaji, kama unaishi katika mtaa wowote wa mji wetu wenye kijiwe cha kahawa, hapana shaka umepata kuwasikia watu wazima, wenye mvi na wajukuu, wakibishana kwa sauti ya juu kuhusu kitu ambacho wengi wao hawana. Sisemi mpira, ingawa mpira nao haukosi. Nasema motokaa. Huyu atakuambia kwamba katika kuunda gari hajatokea wa kumfikia Mjerumani. Yule atajibu kwamba Mjapani amekwisha maliza kazi. Na wa tatu, ambaye amekuja kwa daladala na ataondoka kwa daladala, atasimama kabisa, kikombe mkononi, na kuapa kwamba hajaona injini kama ya Subaru. Mgeni akipita hudhani ni ugomvi wa mirathi.

Nimekulia katikati ya ubishi wa namna hiyo, pale Magomeni. Leo napenda kukusimulia habari zake, kwa sababu wengi, hasa kina mama, huuhesabu kuwa ni upuuzi mtupu. Upuuzi umo, sikatai. Lakini si peke yake.

Baba yangu ni mtu wa Peugeot. Sisemi ana Peugeot. Nasema ni mtu wa Peugeot, kama vile mtu awavyo mtu wa Tabora, na baba yangu ni vyote viwili. Jirani yetu wa ukuta wa pili, ambaye tangu utoto namwita Baba Mdogo, ni Mzaramo na ni mtu wa Datsun. Wajua, ndugu msomaji, kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi iliyoteremka kutoka bara kuja pwani. Hata kama motokaa isingalibuniwa duniani, wawili hawa wangalitafuta la kutaniana.

Wote wawili walikuwa madereva wa mashirika ya umma. Baba aliendesha Peugeot, mwenzake Datsun. Ubishi wao, kwa maelezo yao wenyewe, ulikolea miaka ile ya uhaba wa mafuta, magari ya watu yalipokatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Magari yamefungiwa yadi, barabara ni kimya, na dereva asiye na ruhusa ya kuendesha atafanya nini ila kuendesha kwa mdomo? Wakatandika mkeka barazani, wakaanza. Mpaka leo hawajafika.

Silaha yao kubwa ilikuwa mbio za magari za Safari. Vijana wanazijua kama mashindano ya Kenya, na ni kweli kwamba tangu 1974 zimekuwa za Kenya peke yake. Lakini zilipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zilikuwa za Afrika Mashariki nzima, zikipita Kenya, Uganda na huku kwetu. Zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, wakati ambapo njia iliyokuwa vumbi asubuhi huwa mto jioni. Na jambo hili ndilo lililowateka watu: magari yenyewe yalifanana sana na yale yaliyokuwa mitaani. Gari lililopita kijijini usiku likirusha matope lilikuwa ndugu wa gari la daktari wa wilaya na la padri wa misheni, tena katika barabara ile ile iliyolikwamisha basi juzi. Mtu hakuhitaji gazeti kumwambia lipi ni imara. Alisimama kando ya shimo analolijua, akatazama nani anatoka.

Kwa hiyo baba huanza hivi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Nani alishinda? Nick Nowicki, katika Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ikafanya tena yake, yakamaliza 7 vile vile. Nani alishinda? Nowicki yule yule, Peugeot ile ile. Na katikati hapo, 1966 na 1967, mshindi ni Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, tena katika 404. Na Shankland, ingawa asili yake ni Scotland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Baba akifika hapa huinua kidole. Ushindi ule, kwake yeye, si wa Wafaransa hata kidogo. Ni wa mji huu.

Baba Mdogo humwacha amalize, kama mtu anayemngoja mwenzake ameze tonge. Kisha huuliza: je, baada ya 1968? Mwaka 1970 Datsun, 1971 Datsun. Mwaka 1973 ndio ulikuwa kichekesho, maana Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza na pointi sawasawa, waamuzi wakalazimika kutazama nani alikwenda mbali zaidi bila kosa, akapewa Mehta. Na wote wawili walikuwa katika Datsun! Huyo Mehta alizaliwa Uganda, akahamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, na kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda mara nne mfululizo kwa gari la aina ya Violet, ambalo wengi tulilijua kama 160J. “Mara nne, mtani,” Baba Mdogo husema kwa upole wa kuudhi. “Hata sala ina rakaa nne.”

Baba hujibu kwa 1975 na 1978, miaka ambayo 504 ilishinda. Mtani wake humkumbusha kwamba ile ya 1978 ilikuwa na injini ya silinda sita, “si hii yako ya kubebea mkaa.” Na hivyo hivyo, mpaka adhana ya magharibi.

Yupo na fundi mmoja, gereji yake ilikuwa nyuma ya msikiti, ambaye alikuwa akiwasikiliza huku akisafisha plagi kwa msasa. Yeye hakuwa na chama. Hoja yake ilikuwa moja: Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Basi ni gari au ni mtu? Ni hoja nzito, nami kwa upande wangu naiona ndiyo ya haki kuliko zote. Ndiyo sababu hakuna aliyeijali. Ubishi wa motokaa hautaki haki.

Mizaha mingine ilikuwa haihusu injini kabisa. Baba ni mwanachama wa Yanga wa damu, na Peugeot, kama ujuavyo, ina alama ya simba mbele ya pua. Fikiria taabu aliyoipata miaka yote hiyo! Baba hujitetea kwamba simba yule ni wa zamani kuliko Msimbazi yote, kwamba kampuni ilikuwa ikitengeneza misumeno na vinu vya kusagia kahawa kabla ya kufikiria motokaa, na simba alikuwa ishara ya makali ya msumeno. Hakuna anayemsikiliza. Naye alipata kisasi chake, maana mwaka 1981 kampuni ya Nissan ilitangaza kuliacha jina la Datsun. Likarudishwa tena 2013, na 2022 likazikwa upya. Baba alivuka ukuta na kutoa rambirambi, na kwa kuwa ni mtani, alidai na ubani.

Mimi sina nafasi katika vita hivi. Nina Toyota ndogo, na nikithubutu kusema kwamba kuanzia 2021 hadi 2025 Safari imeshindwa na Toyota miaka yote mitano, wazee wote wawili huungana dhidi yangu. Hunikumbusha kwamba Toyota ilizaliwa katika kiwanda cha mashine za kufumia nguo. “Endesha cherehani yako, mwanangu,” huniambia Baba Mdogo.

Sasa nije kwa upande wa mama, kwani ukurasa huu ni wa familia.

Baba alinunua 504 yake mnadani mwaka 1988, ile ndefu yenye mistari mitatu ya viti. Tulikuja kuwa watoto sita, na sote tulienea. Mtani wake alinunua 160J mwaka uliofuata, naapa kwa sababu hiyo hiyo tu. Tangu hapo nyumba zetu mbili zilikuwa na mtoto mmoja zaidi, na mtoto huyo hula vizuri. Mama alikuwa muuguzi, na anazo kumbukumbu zake: mwezi fulani, klachi, mwezi fulani, tairi mbili na hakuna sare za shule. Hakuwahi kulichukia gari, kwa maana limempeleka kazini zamu za usiku na limemleta mtoto wake wa mwisho duniani, karibu ndani yake. Lakini yeye peke yake ndiye aliyejua ubishi ule wa barazani unagharimu shilingi ngapi.

Baba Mdogo aliuza Datsun yake mwaka 1998. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya chuo, na ada haikungoja. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka kwamba Jumapili iliyofuata baba hakutoa neno moja juu ya magari. Alizungumza habari za mihogo. Jumapili ya pili yake mtani wake mwenyewe ndiye aliyeanza, kwa 1970, kama kawaida, na baba akashusha pumzi, akajibu.

504 yetu ilisimama mwaka 2014, chini ya mwarobaini uani. Haikuwa na lawama. Ilikuwa imefanya kazi ya umri wa mtu, na pampu ya maji pamoja na gasketi ya silinda hedi havikupatikana Gerezani wala Shauri Moyo kwa bei ambayo mstaafu angeimudu. Kuku wakahamia ndani. Mwaka 2021 baba akapata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea, nao ndio mkono wa kubadilishia gia. Sisi watoto tukaketi na mama, tukakubaliana kwamba wakati umefika. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja, wakalizunguka, wakataja bei ya kilo. Fedha hiyo ingelipia miezi kadhaa ya mazoezi ya viungo hospitalini. Baba hakupinga. Alisema tu, kwa ulimi wake mzito, “Fanyeni,” akageukia ukutani.

Aliyepinga ni Baba Mdogo. Alikuja usiku, hakuketi, akamwambia mama, “Shemeji, msiliuze.” Mama akamwuliza kwa nini, ikiwa mwenye gari hawezi tena kuliendesha. Akajibu maneno ambayo mama hunirudia mara nyingi: “Mimi niliuza langu. Tangu siku ile, nikibishana naye huwa nasema habari za marehemu. Huyu bado ana mgonjwa. Mgonjwa hazikwi.”

Kama hujui utani, ndugu msomaji, utadhani ni mzaha tu. Wazee wetu hawakuuweka kwa mzaha. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani na kukucheka hata msibani, lakini yeye ndiye anayetangulia kushika jembe la kuchimba kaburi, na ukiwa na shida hana ruhusa ya kusema hakusikia. Sijui ni wakati gani wazee hawa wawili waliiingiza Peugeot na Datsun katika sheria hiyo. Nadhani hata wao hawajui.

Mama aliwarudisha wanunuzi. Mwaka 2022 Baba Mdogo alikwenda Nairobi katika harusi ya mjukuu wake. Wenzake walirudi na picha. Yeye alirudi na pampu ya maji na gasketi za Peugeot 504, alizozikuta baada ya siku mbili za kutembea kwa miguu katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, zimefungwa katika khanga ili zisigongane njiani. Alipoulizwa bei alisema ni mahari. Fundi, ambaye sasa gereji amemwachia mwanawe, alikuja mwenyewe na miwani yake. Kazi ilichukua wiki tatu, nyingi zikiwa za kuwatoa kuku na mayai yao.

Gari lilipowaka ndipo lilipozuka swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Nani ataliendesha? Ndugu zangu wako mikoani, mimi siku za kliniki huwa chumba cha habari, na mama hakujifunza. Leseni hai ilikuwa ya mtu mmoja, naye aliapa mwaka 1988, mbele ya mashahidi, kwamba hatagusa usukani wa Peugeot maadamu yu hai.

Alikuja Jumanne asubuhi amevaa kofia yake ya Ijumaa. Akasema Bismillahi, akaingia. Mama alikaa nyuma, na yote haya ni yeye aliyenisimulia. Anasema baba, kiti cha mbele, hakutazama njia hata mara moja; alimtazama dereva. Pale Jangwani, ambako magari mengine yalikuwa yakirukaruka katika mashimo yaliyoachwa na mafuriko, 504 ilipita ikinesanesa polepole kama mtumbwi, na baba akangoja. Walipita Fire, bado anangoja. Kwenye lango la hospitali hakuweza tena.

“Mtani,” akasema, “vipi?”

Baba Mdogo akazima injini, akavuta breki ya mkono, akafikiri kwa muda.

“Viti ni vizuri,” akasema. “Injini siwezi kuitolea habari. Masikio yangu siku hizi hayasikii.”

Jumanne iliyofuata alifika nusu saa kabla ya wakati, akiwa na kitambaa chake mwenyewe cha kufutia vioo.