Kutoka Anatevka Mpaka Kolwezi

Barabara itokayo Lubumbashi kwenda Kolwezi ina urefu wa kilomita kadiri ya 300. Hupita Likasi, kisha huendelea katika nchi ya miombo, ya vichuguu virefu, na ya vilima vya udongo uliofukuliwa migodini. Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya kazi za Union Minière, na tangu mwaka 2015 ndio mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Watu huutaja kwa sababu ya shaba na kobalti yake. Sisi leo twataka kuutaja kwa sababu ya jamaa waliokaa humo, na kwa hiyo twaomba ruhusa ya msomaji tuanzie mbali.

Mwaka 1964 ulionyeshwa New York mchezo wenye nyimbo, uitwao Fiddler on the Roof, yaani mpiga fidla juu ya paa. Ulitungwa kutokana na hadithi za Sholem Aleichem, Myahudi aliyezaliwa Ukraine chini ya utawala wa Urusi. Tevye, mwuza maziwa maskini wa kijiji cha Anatevka, ana mabinti watano. Binti mkubwa aposwa na mwuza nyama tajiri, lakini moyo wake uko kwa fundi wa nguo asiye na kitu. Wa pili amfuata mchumba wake aliyefungwa Siberia. Wa tatu aolewa na kijana asiye wa dini yao, na baba ashindwa kumpokea. Mzazi gani wa Katanga asiyeyafahamu mambo hayo? Mshenga, posa, mahari, na binti asemaye “simtaki huyu” ni mambo ya kila ua.

Wala Wayahudi si wageni katika nchi hii. Sinagogi la Lubumbashi, mji ulioitwa zamani Elisabethville, lilijengwa karibu na mwaka 1930. Wengi wa waumini wake walitoka kisiwa cha Rhodes, nao walikuwa wafanya biashara. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kihispania cha Kiyahudi, wala si Kiyidi cha Anatevka. Rabi wao Moïse Levy alifika mwaka 1937. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, watu zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Walionusurika ni kadiri ya 150 tu, na baadhi yao walikuja Kongo kwa jamaa zao.

Basi mwisho wa mchezo ndio utugusao zaidi. Wayahudi wa Anatevka wapewa siku tatu wauze nyumba zao na kuondoka. Aletaye amri ni askari mkubwa wa mahali hapo, ambaye kila siku humwamkia Tevye kwa wema. Yeye si mtu mkatili. Asema tu kwamba ametumwa.

Hapo ndipo Kolwezi huinamisha kichwa. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai. Watoto na wajukuu wao walizaliwa katika kambi za wachimbaji, wakacheza na kusoma pamoja na wenzao. Lakini Likasi mwaka 1992, na Kolwezi mwaka 1993, waliambiwa kwamba hapa si kwao. Maelfu na maelfu walilala katika vituo vya reli wakingojea gari-moshi, na wengi walifia huko, hasa watoto.

Je, jambo kama hilo laweza kuchezwa mbele ya watu? Katanga ina shule yake ya michezo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi limejulikana miaka mingi kwa michezo ya Kiswahili katika redio na televisheni. Hawakuwa na kitabu cha maneno: walipatana juu ya kisa, kisha kila mmoja akatunga usemi wake papo hapo. Mwaka 1986 walicheza mchezo juu ya utawala katika kijiji cha Kawama, na mtaalamu Johannes Fabian akaandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1990.

Kwa njia hiyo, vijana wa Kolwezi wangeweza kumwigiza Tevye kwa Kiswahili cha mgodini, na mkokoteni wa maziwa usingekuwa taabu kuupata. Watazamaji wangecheka kwa mshenga, wakalia kwa binti wa tatu. Lakini fungu lililo gumu kuliko yote ni la yule askari mwema, kwa maana kila atazamaye angejiuliza moyoni: siku jirani yangu alipofunga mizigo yake, mimi nilisimama wapi?

Mji uwezao kuulizwa hivyo mbele ya watoto wake, nao usikimbie, umeanza kupona.