Kisa Kiishie Kabla ya Jibu

Naandika visa vya kufundishia biashara. Mwanafunzi hupewa kurasa kumi na kitu kuhusu kampuni ya kweli, akazisoma usiku, na asubuhi darasani akatakiwa aseme angeamua nini lau angekuwa bosi. Njia hii ilikuzwa Harvard na Wallace Donham, mkuu wa shule ya biashara aliyesomea sheria kwa kesi za mahakama. Kisa cha kwanza kuandikwa huko, mwaka 1921, kilihusu kampuni ya viatu.

Kisa changu cha kwanza kilihusu kiwanda kidogo cha sembe Dar es Salaam, na hakikutoka. Mama mwenye kiwanda alinifungulia daftari zake kwa miezi saba. Akanieleza hata ugomvi wake na mdogo wake juu ya mali kauli, yaani unga ambao mwenye duka anauchukua leo na kuulipia akishauza. Nikaandika vyote. Nilipompelekea hati ya ridhaa, alisoma kimya hadi mwisho.

“Mwalimu, yote haya ni kweli. Lakini nikisaini, nitakuwa nimemvua nguo mdogo wangu mbele za watu.”

Pasipo saini ya kampuni, kisa cha namna hiyo hakichapishwi. Kosa lilikuwa langu: ridhaa niliiacha mwisho. Siku hizi ndiyo ninayoanza nayo. Mwenye biashara akitaka, nabadilisha majina, na hesabu zote za fedha nazizidisha kwa namba moja tunayoijua sisi wawili tu. Uwiano unabaki uleule, na siri yake inabaki kwake.

Kigumu zaidi ni kunyamaza. Ninajua mwenye biashara aliamua nini, na kalamu inataka kusema. Lakini kisa sharti kiishie asubuhi ya uamuzi: tuseme, lori limepakiwa, wenye maduka wanangoja mzigo, fedha ya kununulia mahindi haijarudi. Uchambuzi wangu wote unakwenda kwenye mwongozo wa mwalimu, ambao mwanafunzi hauoni. Humo nataja swali la kufungulia mjadala, dakika za kila sehemu, hata kitakachoandikwa ubaoni.

Mahojiano nafanya kwa Kiswahili, kisa nachapisha kwa Kiingereza. Katika kisa kingine, mhakiki alitaka “mali kauli” iwe “mkopo” tu. Nilikataa. Mkopo aghalabu una mkataba na dhamana. Mali kauli inasimama juu ya neno la mtu na miaka ambayo mmefahamiana. Mwanafunzi asiyeiona tofauti hiyo atamshauri mwenye kiwanda adai dhamana, na wateja watahamia kiwanda cha jirani. Neno likabaki kama lilivyo, na maelezo yake aya nzima.

Nanyi wenye biashara, mhadhiri akibisha hodi mkaribisheni. Vijana wetu wanawahitaji. Ila awaonyeshe hati ya ridhaa kabla hajawasha kinasa sauti.