Taa Imewaka, Je, Sensa Imekufa?

Mwezi huu nawaletea somo nililopata kwa fundi wetu wa magari.

Gari lile la dizeli linalopeleka wagonjwa hospitali liliwasha taa ya injini, likaanza kukosa nguvu. Mashine ya fundi ya kusoma hitilafu inaandika Kiingereza, ndiyo maana akaniita: "Kuja mwalimu, utusomee." Nikasoma: hitilafu kwenye njia ya sensa ya joto la moshi. Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la ekzosi. Inaiambia kompyuta ya gari moshi una joto kiasi gani, maana chujio likichoma masizi joto huweza kupita nyuzi 600. Kompyuta isipopata habari hiyo, inazuia chujio lisijisafishe. Masizi yanajaa, gari linachoka.

Dereva akasema, "Basi tununue mpya." Lakini spea hiyo ni pesa nyingi, na kuiagiza mjini ni majuma. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja majuma. Fundi akakataa: "Mashine imetaja njia, haijataja mwizi."

Gari likalala. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, akafungua swichi bila kuliwasha. Sensa zilikuwa mbili za aina moja. Ya kwanza ilisoma nyuzi 24, kama hewa ya asubuhi ile. Ya pili ilisoma zaidi ya 900! Akachomoa plagi zote mbili, akapima kwa mita: kila sensa ilitoa omu 218 hivi. Kumbe zote nzima. Akapima waya kutoka plagi hadi kompyuta, mmoja haukupitisha umeme. Akaufuata kwa vidole, akakuta umesuguana na chuma mpaka umekatika ndani ya ganda. Akauunga, akaufunga mbali na joto, akafuta hitilafu. Jioni gari likapeleka mgonjwa.

Vijana mnaojifunza ufundi, shikeni utaratibu huo: soma, linganisha injini ikiwa baridi, pima sensa, pima waya, ndipo mnunue. Bomba likiwa moto, msiguse.

Na sisi wazazi na walimu, mtoto akishindwa hesabu tunasema haraka, "Huyu kichwa kigumu." Pengine haoni ubao, au amekuja bila kula. Kabla ya kumrudisha darasa la chini, tumuulize, tumpeleke akapimwe macho.