Kiunzi cha Waya na Somo la Pembetatu

Walimu wanafunzi warejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha, aghalabu hulalamika kwamba shule hazina zana. Hatukubaliani nao kabisa. Hapa Kiseke, Mwanza, watoto huunda magari ya waya kwa mikono yao, na siku hizi mmojammoja huonekana na kigari cha betri kiongozwacho kwa rimoti. Vyote viwili ni zana, mradi mwalimu ajue kuuliza.

Tulishuhudia somo moja la Darasa la Sita. Kigari cha rimoti kilikuwa kimebingirika kutoka juu ya jiwe, bodi yake ikapasuka. Mwalimu mwanafunzi hakukitaifisha, aliuliza, "Tukikinge vipi?" Kisha akawaeleza habari za Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya mashindano hayo siku hizi huwa na kiunzi cha mabomba ya chuma ndani, ili gari likipinduka paa lisiwaponde waliomo.

Kundi la kwanza liliunda kisanduku cha waya chenye pande za mstatili. Kiliposukumwa kwa kidole, kililala upande. Ndipo mtoto mmoja, fundi wa magari ya waya, ambaye muhula mzima hakuwa amenyosha mkono, alipofunga kwa mshazari kipande cha waya toka pembe hadi pembe katika kila upande. Kiunzi kikakaza. Mstatili waweza kupinda bila urefu wa pande zake kubadilika, pembetatu haiwezi. Mwalimu aliliandika neno hilo ubaoni baada ya mkono wa mtoto kulithibitisha, si kabla.

Atakayejaribu somo hili azingatie haya. Betri itolewe kwanza, kwani waya ukigusa ncha zake mbili huleta shoti na joto kali. Kiunzi kifungwe kwenye chasisi, si kwenye bodi nyembamba. Waya wa juu uwe mwembamba, maana uzito ukikaa juu gari hupinduka upesi zaidi. Antena iachwe nje bila kugusa waya, kwa sababu chuma hudhoofisha mawimbi ya redio. Ncha zote zikunjwe zisichome vidole.

Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikosoa mazoea ya kudhani kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni. Laiti somo lingeanza na kanuni, mtoto yule angeendelea kuhesabiwa miongoni mwa wazito, na mwenye kigari cha dukani ndiye angeonekana mjuzi.

Basi, ndugu walimu wanafunzi, kabla ya kuandika andalio la somo, nendeni uwanjani wakati wa mapumziko. Tazameni watoto wanaunda nini, na ni nani afuatwaye na wenzake waya unapokataa kupinda.