Steringi Nzito

Kadibodi ndiyo iliyomchongea Mzee. Kila jioni akishaegesha gari alikuwa anaitandaza chini ya injini, na kila asubuhi kabla hatujaamka anaivuta, anaikunja, anaisukuma nyuma ya tangi la maji. Niliipata Jumamosi moja nikitafuta koki ya kufunga maji. Ilikuwa na madoa mekundu juu ya madoa mekundu, mengine yamekauka, mengine bado yanateleza kwa kidole. Mama alidhani kuna mtu amechinja kuku.

Ilikuwa oili ya pawa steringi, ile nyekundu. Kando yake kulikuwa na mikebe mitupu. Nilihesabu saba. Kumbe Mzee alikuwa anajua. Alikuwa anaongeza oili kimyakimya kwa miezi, na tukimuuliza mbona anaegesha kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara sita, anajibu, "Steringi imekuwa nzito. Gari ni mzee huyu."

Uzee wenyewe ni kweli. Ni Mercedes 200E ya mwaka 1991, ule umbo ambao wapenzi wa Benz wanauita W124, na namba yake inaanza na KA. Mzee aliinunua mkono wa pili kwa kiinua mgongo chake. Mama hajawahi kumsamehe, kwa sababu pesa hizo zilikuwa zinunue ploti Joska, wakati Joska ilikuwa nyasi na vumbi tu. Siku hizi tukipita Kangundo Road anahesabu nyumba kwa sauti. Mzee anaongeza redio.

Kuna jambo jingine. Mwaka juzi Mzee alipata kiharusi kidogo. Mdomo ulirudi mahali pake baada ya wiki chache, maneno yakarudi, mkono wa kushoto ukarudi nusu. Daktari alimwambia asiendeshe mpaka arudi kupimwa. Mzee hakurudi. Alisema mkono uko sawa, na ushahidi wake ulikuwa kwamba anaendesha.

Fundi wetu alikuja Jumapili na kijana wake. Ametengeneza Benz hiyo tangu nikiwa shule ya msingi, kwa hivyo haogopi kuisema vibaya. Aliingia chini, akatoka, akafuta mikono. "Mzee, umekuwa unaoga na hii oili ama?"

Akanionyesha. Pampu inazungushwa na mkanda wa injini. Inasukuma oili kupitia paipu ya presha mpaka kwenye boksi la steringi, oili hiyo inasaidia mikono yako kugeuza magurudumu, halafu inarudi kwa paipu ya pili, ya mpira laini, mpaka kwenye kopo lililo juu ya pampu. Ya kurudi haina presha kubwa. Hiyo unaweza kununua mpira unaofaa kwa mita na klipu mbili nzuri. Ya presha ndiyo yenye maneno. Ukikata kona mpaka mwisho, presha ndani yake inapita mara ishirini ya upepo ulio kwenye tairi. Mpira wake una waya ndani, na miisho yake ni chuma kilichobanwa kwa mashine. Yetu ilikuwa inatokwa jasho pale pale mpira unapoingia kwenye chuma, na mtu fulani wa zamani alikuwa ameizungushia klipu ya kawaida akidhani atazuia. Mpira ukikaa karibu na joto la injini miaka thelathini unakuwa mgumu. Ukiukunja unasikia ukilia.

"Na hii oili ikidondokea ekzosi ikiwa moto?" nikauliza.

"Hapo sasa unaita zimamoto," fundi akasema. Mzee akakohoa.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda Grogan. Ramani inasema Kirinyaga Road, lakini mwambie mtu wa boda hivyo uone atakavyokutazama. Duka la kwanza waliniita sista, wakanipa kiti, wakaniambia elfu kumi na nane. Paipu ilikuwa mpya, nzuri, iko kwenye mfuko wake. Nilikuwa nimebeba ile ya zamani imefungwa kwa gazeti (nashukuru fundi alinilazimisha), nikaziweka sambamba kwenye kaunta. Mikunjo haikufanana hata kidogo. Ile mpya ilikuwa ya gari lenye usukani wa kushoto. Yule jamaa akasema, "Hiyo itajikunja tu yenyewe, sista." Nikatoka.

Duka la tatu, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi hakujaribu kuniuzia kitu. Alinituma Industrial Area, kwa watu wanaopress paipu za trakta na malori. Huko walikata mpira wa zamani, wakaviosha vile vyuma vya miisho, wakavalisha mpira mpya wenye waya, na mashine ikabana taratibu bila kelele. Nilidhani ningeona cheche. Elfu nne mia tano. Kabla ya kulipa niliomba waipime kwa presha mbele yangu, na walifanya hivyo bila kununa. Nilirudi kwa matatu nimeipakata kama mtoto.

Kufunga hakukuchukua muda. Fundi alisafisha kopo, akabadilisha kichungi kidogo kilicho ndani yake, kwa sababu mpira unaooza huacha vipande vyeusi na vipande hivyo huenda kuua pampu. Akaweka washa mpya pale zilipohitajika. Akakaza, akapangusa, akasema sasa tunatoa hewa.

Kutoa hewa ni hivi: unainua magurudumu ya mbele juu ya stendi, injini imezimwa, mtu mmoja anazungusha usukani polepole kutoka kona hadi kona, na mwingine anaangalia oili kwenye kopo, anaongeza ikishuka, mpaka mapovu yaishe. Ndipo unawasha injini na kurudia. Ukiwasha mapema, pampu inapiga kelele na oili inakuwa povu kama la sabuni.

"Mzee, ingia wewe," fundi akasema. "Gari ni lako."

Mzee aliingia. Mimi nilikuwa na mkebe. Alizungusha kulia, vizuri, mpaka mwisho. Mapovu yakapanda, nikaongeza. Kisha kushoto. Usukani ulifika katikati ukasimama. Nikasubiri. Nikaona bega lake likipanda, mkono wa kulia ukivuka kwenda kusaidia wa kushoto, usukani ukasogea kidogo, ukasimama tena.

Magurudumu yalikuwa hewani. Hapakuwa na uzito wowote. Dakika tano kabla, yule kijana wa fundi alikuwa ameyageuza kwa mkono mmoja huku anaongea na simu.

Fundi alinitazama. Halafu akainama kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Hapo ndipo nilipoelewa ile mikebe saba. Mzee hakuwa bahili, na hakuwa amesahau. Steringi ikiwa nzito, basi ni gari. Paipu ikitengenezwa, kitakachobaki kizito si gari tena. Na mimi, na bidii yangu yote ya Grogan, na vile nilivyojivunia kwenye matatu, nilikuwa nimemnyang'anya kisingizio chake kwa elfu nne mia tano.

"Bado kuna hewa nyingi, Mzee," fundi akasema bila kuinua kichwa. "Ndiyo inagoma. Na huyu msichana hajui kuangalia oili, anamwaga tu. Njoo unisaidie huku, yeye azungushe."

Nilikuwa sijamwaga hata tone. Nilimpa Mzee mkebe, nikaingia. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Alisimama juu ya kopo, miwani kwenye ncha ya pua, akaanza kunipigia amri: polepole, rudi, ngoja, bado mapovu, tena. Sauti ile ya zamani kabisa. Tulirudia labda mara ishirini. Aliposema, "Sasa iko safi. Washa," hata fundi hakubisha.

Niliwasha. Pampu ikaguna kidogo, ikatulia. Waliteremsha gari, na usukani ulizunguka kwa kidole kimoja.

"Itoe nje ya geti tuisikilize," fundi akasema, na hakusema anamwambia nani.

Mzee alizunguka mbele ya gari. Nilidhani anakuja upande wangu. Akapita, akafungua mlango wa kushoto, akakaa, akatafuta mkanda muda mrefu, maana hajawahi kukaa pale. Kwenye kona ya duka la mayai nilikata mpaka mwisho nikabaki nimeshikilia.

"Achia kidogo," akasema. "Ukiishikilia hapo utaua pampu."

Tuliporudi alizima gari yeye mwenyewe, akinyoosha mkono wa kulia kupita mbele yangu, akatia ufunguo mfukoni. Hatukusema lolote kuhusu daktari. Usiku nilisikia kadibodi ikiburutwa kwenye saruji.

Asubuhi niliamka saa kumi na moja, nikatoka na tochi ya simu, nikaivuta. Ilikuwa kavu. Niliirudisha pale pale alipoiweka, nikarudi ndani kuchemsha chai, nikamsikiliza akitoka kwenda kuiangalia.