Nyambizi ya Chicago na Mateka Waliohesabiwa Wafu

Kandokando ya Ziwa Michigan, kusini mwa jiji la Chicago nchini Marekani, lipo jumba lililojengwa kwa ajili ya maonesho makubwa ya mwaka 1893. Leo ni makumbusho ya sayansi na viwanda. Kando yake, katika ukumbi uliochimbwa ardhini, imewekwa nyambizi ya Kijerumani yenye urefu unaokaribia mita 77. Jina lake ni U-505. Wazazi wengi huwapeleka watoto wao huko kutazama mitambo. Nasi twasema: mitambo itazamwe, lakini kwanza tuulize habari za watu waliokuwamo.

Nyambizi hiyo iliundwa Hamburg, ikaanza utumishi Agosti 1941. Kituo chake kilikuwa bandari ya Lorient, katika Ufaransa iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani. Kazi yake ilikuwa kuvizia meli za biashara katika Bahari ya Atlantiki. Ilizamisha meli 8. Ya kwanza ilizama Machi 1942 kusini mwa Freetown, Afrika Magharibi. Nyingine ilikuwa merikebu ndogo ya matanga ya Colombia. Makumbusho huandika idadi, wala idadi si uongo. Lakini kila meli ilikuwa na mabaharia waliongojewa nyumbani.

Waliokuwamo ndani ya nyambizi nao hawakuwa na raha. Vitanda havikutosha, hata ikawabidi kulala kwa zamu. Novemba 1942, karibu na Trinidad, ilipigwa na ndege kwa mabomu. Mlipuko ukaiangamiza ndege yenyewe pamoja na marubani wake, na nyambizi ikajikokota hadi Lorient ikiwa imeharibika vibaya. Ilipokuwa ikitengenezwa, mafundi wa Kifaransa waliihujumu kwa siri, ikawa kila itokapo hurudi. Oktoba 1943, mabomu yakiizunguka chini ya maji, kamanda wake alijiua mbele ya watu wake.

Tarehe 4 Juni 1944, siku mbili kabla ya majeshi kutua Normandy, ilionwa nje ya pwani ya Afrika Magharibi na kundi la manowari za Marekani lililoongozwa na Kapteni Daniel Gallery. Mabomu yakailazimisha kuibuka. Wajerumani walifungua maji ili izame, wakajitosa baharini. Luteni Albert David na wenzake wanane wakaingia ndani, ilhali maji yakijaa na wakijua kwamba huenda imetegwa baruti. Baharia mmoja akakiona kifuniko cha tundu lililokuwa likiingiza maji, akalifunga. Humo zikapatikana mashine za Enigma za kuandikia mafumbo, pamoja na vitabu vya siri vya jeshi la majini la Ujerumani.

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo zito kuliko yote. Kama Wajerumani wangejua kwamba nyambizi imetekwa, wangebadili mafumbo yao yote. Kwa hiyo ikavutwa hadi Bermuda kwa siri, na maelfu ya mabaharia wa Marekani wakaamriwa kufunga vinywa. Wajerumani waliokuwamo walikuwa 59. Mmoja aliuawa, 58 wakapelekwa kambini Louisiana, wakatengwa na mateka wengine, wala Msalaba Mwekundu haukuruhusiwa kuwaona. Kwao Ujerumani wakahesabiwa wamekufa, na jamaa zao wakaarifiwa hivyo. Mama akamlilia mwana aliye hai. Baadhi yao hawakurudi kwao hadi mwaka 1947.

Je, siri hiyo ilikuwa halali? Mwenye kuitetea atasema kwamba iliokoa roho za mabaharia wengi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mateka naye ana haki yake, na iliyo ndogo kabisa ni kwamba mzazi wake ajue kuwa angali anapumua. Vita viliilipa haki moja kwa kuinyima nyingine, na waliolipa gharama ni watu wa nyumbani ambao hawakushika silaha.

Vita vilipokwisha, nyambizi ilibaki New Hampshire ikiliwa na kutu, ikingoja kuzamishwa katika shabaha. Gallery, mzaliwa wa Chicago, alihangaika mpaka wananchi wakachanga dola 250,000. Ikavutwa kwa njia ya maziwa makuu, ikavushwa barabara kwa magogo na reli, na Septemba 1954 ikawekwa wakfu kuwa ukumbusho wa waliofia Atlantiki. Viwanda vya Ujerumani vilivyoombwa vipuri vilivitoa bure. Kwa nusu karne ilikaa nje, ikipigwa na jua na theluji, hadi ilipoingizwa ukumbini mwaka 2004.

Atakayejaaliwa kufika huko na wanawe, asiwaonyeshe ushindi peke yake. Awahesabie meli 8, mateka 58 na yule mmoja asiyerudi. Kisha awaulize watoto ni nyumba ngapi zililia.