Oili Iko Wapi?

Mwaka 1966 injini pekee iliyosikika Kimali kila wiki ilikuwa ya pikipiki ya bwana shamba, BSA ya silinda moja. Malori ya pamba yalikuja na msimu wa kuuza, yakaondoka nao. Yeye alikuja masika na kiangazi, kukagua kama tumeng'oa na kuchoma mashina ya pamba ya mwaka uliopita. Siku hizi Kimali iko Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012 nikiwa tayari mzee. Wakati ule tulihesabiwa Shinyanga.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi yangu ilikuwa kuishikilia ile BSA isilale kwenye udongo wa mbuga. Asubuhi moja alifungua kifuniko cha kitangi cha oili pembeni, injini ikinguruma, akaniita: "Kijana, chungulia." Ndani kimrija kilikuwa kinatema oili kwa mapigo, nyeusi, yenye povu. "Hiyo inarudi kutoka tumboni mwa injini. Ikiacha kutema, zima upesi."

Mwaka uliofuata alikwenda likizo ndefu, akaiacha pikipiki kwetu. Alipokaribia kurudi, mimi na kaka yangu tulifungua kitangi tukakuta kimekauka. Tuliogopa. Tukanunua oili kwa pesa ya mayu, yaani mama yetu, tukajaza mpaka juu. Alipoipiga teke ikawaka, moshi ulifunika mji wote, na oili ikatoka kila mahali inapoweza kutoka. Alitufokea, halafu akakaa chini ya mti akatueleza. Oili haikuwa imepotea. Pikipiki ikisimama muda mrefu, oili hujipenyeza pole pole kupita vali iliyochoka, ikashuka tumboni mwa injini. Ilikuwemo muda wote, sisi tukaongeza nyingine juu yake.

Nilikuja kujua baadaye kwamba ule mpangilio ndio mafundi wanaouita sampu kavu. Gari la kawaida huweka oili yake kwenye bakuli chini ya injini, na pampu huinyonya kutoka humo. Kwenye sampu kavu bakuli halitunzi kitu. Pampu moja huikusanya oili iliyodondoka na kuirusha kwenye tangi la pembeni. Nyingine huitoa tangini na kuisukuma kwenye beringi.

Niliingia Nairobi 1974, nikapata kazi ya spana boi katika gereji moja Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee waliendelea kuiita Grogan. Fundi mkuu, tuliyemwita mzee, alikuwa Singasinga, mtu wa maneno machache, na mbio za magari za Safari zilikuwa damuni mwake. Mwaka huo huo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeanzia maisha kwenye ufundi, alishinda na Lancer ndogo. Pale gereji tulimsherehekea kama ndugu.

Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa. Sikuweza kwenda nyumbani, nikazidi kuzama kwenye injini.

Pasaka ya 1978 Porsche walileta kwenye Safari 911 zilizoinuliwa sentimita 28 kutoka ardhini. Jean-Pierre Nicolas alishinda na Peugeot 504, lakini Vic Preston mdogo, Mkenya, alikuwa wa pili na Porsche. Gari lile lilizaliwa na sampu kavu tangu la kwanza la 1964. Mzee alipenda kutuhadithia toleo la 1972, lililowekewa mlango wa kujazia oili ubavuni kulia, nyuma ya mlango wa abiria. Wauza mafuta wa vituoni waliudhania wa petroli, wakamimina petroli kwenye oili, na mwaka uliofuata mlango ule ukaondolewa.

Baada ya Safari ile, mteja wetu mmoja, mkulima mwenye gari la silinda nne, aliamua kwamba naye anataka sampu kavu. Sababu zake zilikuwa nzuri. Bakuli lake lilikuwa limepasuliwa na mawe mara mbili, licha ya kuwa na bamba la kinga. Tena kwenye kona ndefu sindano ya presha ilianguka, kwa kuwa oili ilikimbilia upande mmoja na pampu ikanyonya hewa. Bakuli lisilo na kina lingepita juu ya mawe, na tangi lingebeba oili nyingi zaidi, ambayo ingechelewa kuchemka.

Mzee hakukataa. Aliuliza tu: "Ikipanda mlima, oili itakuwa wapi?" Hakuna aliyemjibu, na mimi niliyeiona BSA ndiye niliyepaswa kujibu.

Pampu iliagizwa Uingereza. Mteja alichagua ya bei nafuu, yenye vyumba viwili: kimoja cha kusukuma, kimoja cha kukusanya. Tuliiondoa pampu ya zamani, tukaziba njia zake ndani ya bloku. Tukafunga puli zenye meno ili pampu mpya izunguke nusu ya mzunguko wa krenki, na mkanda tukaukinga kwa bamba la aluminiamu, maana kokoto moja ya murram inatosha kuukata. Tangi tulilitengeneza wenyewe, jembamba na refu. Mrija wa kurudishia tuliuingiza ubavuni kwa juu ili oili izunguke ukutani kama maji ya kimbunga na kuacha hewa yake katikati. Ndani tukachomelea mabati yenye matundu ya kuituliza. Lile tangi najivunia hadi leo.

Kosa la kwanza lilikuwa kuliweka kwenye buti. Asubuhi ya baridi kule Mau, oili nzito kama uji wa mtama iligoma kusafiri urefu wote ule, na mpira wa kunyonyea ukajibana kama mrija wa soda uliozibwa. Tukalihamishia mbele, juu kuliko pampu ili oili iteremke yenyewe, tukatumia mpira mnene wenye waya ndani.

Kosa la pili ndilo lililotugharimu. Chumba kimoja cha kukusanya kina mdomo mmoja, na sisi mdomo ule tuliuweka mbele ya bakuli. Tulikwenda kujaribu kwenye mpando wa Tambach, ukuta ule wa Elgeyo unaotoka bondeni. Gari likapanda kwa nguvu, oili yote ikarudi nyuma ya bakuli na kubaki huko, ikipigwa na krenki mpaka ikawa povu. Tangi likaisha. Sindano ilikaa vizuri muda wote ule, kwa sababu pampu ya kusukuma ilikuwa bado na kitu cha kusukuma. Halafu ikaanguka mara moja. Kabla dereva hajazima, injini ilikuwa imenoki.

Lita zote za oili zilikuwemo garini. Nikamkumbuka bwana shamba chini ya mti wake.

Mteja alikubali pampu ya vyumba vitatu, viwili vikiwa vya kukusanya, kimoja kikinyonya mbele na kingine nyuma, kila mdomo na wavu wake. Hapo nilielewa kwa nini upande wa kukusanya lazima uzidi ule wa kusukuma: unabeba oili pamoja na hewa, na povu lina ujazo mkubwa kuliko oili tupu.

Ila kipoozea oili hakutaka kununua kipya. Tulikisafisha kwa petroli siku tatu, kikatoa petroli safi machoni petu. Mzee hakubishana naye. Alichukua msumeno wa chuma akakikata katikati mbele yake, akakiinamisha juani. Vipande vya beringi vilimetameta ndani kama mchanga wa mica. Vingekwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya. Kipya kikaagizwa siku hiyo hiyo.

Siku ya kuiwasha upya tulitoa plagi tukazungusha injini mpaka presha ikapanda, ndipo tukarudisha plagi. Ilipokuwa imepata moto, mzee alinipa ishara. Nilifungua kifuniko cha tangi nikachungulia. Oili ilikuwa inarudi, kwa mapigo, ikitambaa ukutani. Gari lile halikushinda kitu, lakini Pasaka iliyofuata lilimaliza Safari na injini ile ile.

Mpaka ulifunguliwa 1983 nikarudi Kimali. Vijana hapa huniletea bodaboda na mashine za kusaga, na wachache wamenionyesha kwenye simu pampu za sampu kavu wanazotamani kuzifunga kwenye magari ya mashindano. Wote huanza na presha. Kwako unayesoma ukiwa na nia hiyo: jua kwanza oili itakusanyika wapi ukipanda, ukishuka na ukikata kona, na utaitoaje huko. Kisha chagua tangi. Pampu ichague mwisho. Na siku ya kuwasha, kabla hujatazama geji, fungua kifuniko uchungulie.